Orodha Tupu ya Chumba cha Taa

Vijana wa darasa la Jumamosi,

Mwalimu wenu aliniomba niwaandikie kurasa chache juu ya miaka yangu na kompyuta za mgodi. Alitaka mambo ya kufundisha, na alitaka nichekeshe kidogo msije mkasinzia. Ya kufundisha ninayo tele. Ya kuchekesha ni machache na nitayamaliza mapema, maana huko mbele hakuna cha kuchekea.

Naitwa Ilunga. Kwa miaka ishirini na sita nilikuwa fundi wa kompyuta katika mgodi mmoja wa chini ya ardhi hapa karibu na Kolwezi. Watu wa mgodi waliniita Tata Mashini, yaani Baba Mashine, na mke wangu aliniita mgeni, kwa kuwa nyumbani nilikuja kula tu. Kazi yangu ya kweli haikuwa kompyuta. Ilikuwa kupambana na umeme. Mmezaliwa hapa, hamhitaji kuambiwa: umeme wetu huja ukipenda na huondoka bila kuaga. Shaba yetu inatengeneza nyaya za nchi za watu, nasi tunanunua mishumaa.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ambacho fundi wa hapa anapaswa kukijua ni jinsi mashine inavyolala. Kila unachokiona kwenye skrini kinakaa katika kumbukumbu ya muda, na kumbukumbu hiyo inaishi kwa umeme tu. Umeme ukikatika, yote yanakwenda. Sasa kuna usingizi wa aina mbili. Katika usingizi mwepesi mashine inafumba macho lakini inaendelea kunywa umeme kidogo ili ikumbuke. Katika usingizi mzito inanakili kila kilichomo kwenye kumbukumbu, neno kwa neno, inakiweka kwenye diski katika faili moja kubwa, kisha inazimika kabisa. Hapo unaweza kuchomoa waya, ukaitia mashine kwenye gunia, ukaipeleka Tenke juu ya lori la mahindi. Ukiiwasha, inasoma lile faili na kurudisha kila kitu mahali pake, hata sentensi uliyoiacha katikati.

Mpima ardhi wetu mmoja hakutaka kusikia tofauti hiyo. Alifunga kompyuta yake ikiwa katika usingizi mwepesi, akaitia kwenye mfuko pamoja na blanketi na mikate sita, akapanda gari kwenda Fungurume. Njiani mashine iliamka yenyewe mle ndani ikaanza kuchemka. Alipofika, mikate ilikuwa ya moto na kompyuta imekufa. Wenzake walikula mikate ile wakimpa pole.

Na hizi kompyuta zenu za siku hizi zina ujanja mwingine. Ukibonyeza kuzima, nyingi hazizimi kabisa. Zinaweka kiini cha mfumo wake kwenye diski na kulala nusunusu, ili kesho ziwake haraka na wewe uzisifu. Mtu anakuja kwako analalamika kwamba amezima mashine yake mara tatu na ugonjwa haujapona. Mwambie aiwashe upya kwa ile amri ya kuwasha upya, si kuzima na kuwasha. Utaonekana mganga, na usikatae sifa.

Sasa kosa langu la kwanza. Nilikuwa kijana, najiona nimefika. Kompyuta ya mwanajiolojia ilikataa kuamka, naye alitaka mafaili yake ya vipimo vya mashimo. Nilichomoa diski, nikaiunganisha kwenye mashine yangu, nikatoa mafaili, na kwa kuwa nilikuwa na roho nzuri nikafuta takataka zake na kupanga upya makabrasha. Kisha nikairudisha diski mahali pake. Ile mashine, ambayo sikujua kwamba ilikuwa katika usingizi mzito, safari hii iliamka vizuri. Iliamka ikiamini kwamba diski iko vilevile ilivyoiacha. Ikaanza kuandika kufuata ramani ya zamani, juu ya vitu nilivyovihamisha, na kwa dakika kumi ilikuwa imeharibu kazi ya miezi mitatu.

Aliyenifundisha kazi, Tata Mutombo, fundi mzee asiyejua kubembeleza, aliniita mbele ya wote. Aliniambia kwamba mashine iliyolala haijui kwamba kumekucha. Yenyewe inadhani imekonyeza jicho tu. Ukiwa umehamisha nyumba wakati imelala, itakuja kugonga ukuta pale palipokuwa na mlango, na kosa ni lako wewe uliyekuwa macho. Nilicheka na wenzangu alipoondoka. Tulimwigiza anavyotembea. Somo lenyewe nililishika kwa upande wa diski tu, na sikuwaza kwamba linahusu kitu kingine chochote duniani.

Vijana, hapa ndipo mzaha unapoishia.

Mgodi wa chini ya ardhi una chumba kimoja ambacho hakuna mtu anayeshuka bila kukipitia: chumba cha taa. Hapo mchimbaji anachukua taa yake kabla ya kushuka na kuirudisha akipanda. Zamani kila mtu alikuwa na kipande cha shaba chenye namba yake. Ukishuka unakitundika ubaoni, ukipanda unakiondoa. Aliyekaa chumba cha taa akitazama ubao anajua nani yuko chini na yuko sehemu gani. Watu wa baruti hawakulipua kamwe kabla ya kupiga simu pale kuuliza kama sehemu fulani ni tupu.

Sisi tukaleta kompyuta. Kila mtu akapewa kadi, akiigusisha kwenye kifaa jina lake linaingia kwenye orodha, na orodha inakwenda kwenye seva kule ofisini. Ule ubao tuliutoa nje, nami nilikuwa wa kwanza kuucheka. Ubao ule haukuhitaji umeme.

Umeme ulipoanza kutusumbua, tuliweka sanduku la betri, ile tunayoita onduleur, na mimi ndiye niliyepanga kwamba betri ikikaribia kuisha mashine ya chumba cha taa iingie usingizi mzito yenyewe. Niliona nimefanya jambo la maana. Umeme ukirudi, unabonyeza kitufe na orodha iko palepale, hakuna aliyepoteza kitu. Shefu wangu alinipongeza kwenye mkutano.

Nilisahau jambo moja. Mashine ikiamka, saa yake inajirekebisha, kwa sababu ina betri ndogo ndani inayohesabu muda hata mashine ikiwa imezimwa. Lakini programu yetu haikuwa na habari kwamba ililala. Ilidhani bado imeshikana na seva, wakati uhusiano ulishakatika, na ikaendelea kuonyesha orodha ya kabla ya usingizi. Kwa hiyo mtu aliyekaa mbele ya skrini aliona saa sahihi, dakika sahihi, na orodha ya zamani, vyote katika dirisha moja. Dawa yake ilikuwa mistari michache ya programu: ukiamka, uliza seva upya kabla ya kuonyesha jina lolote. Niliifahamu dawa hiyo. Niliiandika kwenye karatasi ya mambo ya kufanya, nikaiweka chini ya mambo mengine, na miezi ikapita.

Mama Béatrice alikuwa mfanyakazi wa chumba cha taa zamu ya mchana. Mwanamke wa makini, mwimbaji wa kwaya, mtu ambaye ukimwachia ufunguo unakwenda kulala bila wasiwasi. Kabwe alikuwa fundi wa pampu, wa kanisa langu, na bado nakumbuka sauti yake alipokuwa akisoma matangazo ya Jumapili.

Siku ile zamu ya asubuhi ilikuwa inamalizika. Watu wa sehemu ya pampu walikuwa wamepanda wote, na orodha ya sehemu hiyo ilikuwa tupu. Umeme ukakatika. Betri ilishikilia dakika chache, kisha mashine ikalala na orodha yake tupu. Umeme ukikatika pampu zinasimama, na pampu zikisimama maji yanapanda, kwa hiyo mafundi wa pampu ndio wanaoshuka wakati wengine wote wanapanda. Kabwe alishuka na mwenzake mmoja kwa lifti, ambayo ina jenereta yake. Kifaa cha kadi kilikuwa kimekufa, basi yule aliyekuwa anamaliza zamu aliandika majina yao kwenye daftari, kama tulivyoelekeza. Gari la wafanyakazi likapiga honi. Aliliacha daftari kwenye dirisha la upande wa pili, penye taa zinazochajiwa, akaondoka bila kusema.

Mama Béatrice aliingia, umeme ukarudi, akabonyeza kitufe. Mashine ikaamka. Watu wa baruti wakapiga simu kuuliza sehemu ya pampu. Alitazama saa, akatazama orodha, akaona sifuri, akawajibu kwamba hakuna mtu.

Walilipua. Mwenzake Kabwe alikuwa amerudi kwenye lifti kuchukua raba ya pampu, ndiyo maana yu hai. Kabwe alikuwa palepale pampuni.

Niliitwa haraka. Wakati nafika umeme ulikuwa umekatika tena, na kwa kuwa betri haikuwa imechaji, mashine ilikuwa imerudi kulala ndani ya dakika moja. Nataka mlielewe hili vizuri, kwa sababu kila kitu kinasimama juu yake. Ndani ya diski ile, katika lile faili kubwa, kulikuwa na picha kamili ya kile Mama Béatrice alichokiona: saa ya baada ya simu ya watu wa baruti, na orodha tupu. Kule ofisini, karani mmoja, kwa nia njema kabisa, alikuwa amelichukua lile daftari pale dirishani na kuingiza majina mawili kwenye seva mara umeme uliporudi, kabla ya ile simu ya watu wa baruti, na saa zake kama zilivyoandikwa. Yeyote atakayeisoma seva baadaye angeona kwamba Kabwe na mwenzake waliingizwa kabla ya mlipuko. Angesema majina yalikuwemo, mwanamke hakutazama.

Mama Béatrice alikuwa ameyafahamu haya kabla yangu. Nilimkuta amesimama mbele ya mashine, ameweka viganja vyote viwili juu yake. Hakuwa analia. Alizungumza polepole, kama mtu anayeogopa kumwaga kitu.

"Tata Ilunga, usifute kitu. Ile nilionaka iko mule ndani. Hii mashini njo mushahidi wangu, sina mwingine."

Nilimwambia asiogope. Umeme ukarudi, nikabonyeza kitufe, mashine ikaanza kusoma faili lake, na katikati ya kusoma umeme ukayumba tena. Ilipowaka mara ya pili ilileta ile skrini nyeusi ambayo nanyi mtaiona siku moja. Inasema haikufaulu kurudisha hali iliyopita, na inakupa njia mbili: ujaribu tena, au ufute kilichohifadhiwa na uanze upya. Katika miaka yangu ya kazi nilichagua kufuta mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Zamu inasubiri, watu wanapiga kelele, unafuta, dakika mbili mashine iko tayari. Mafundi wote wa hapa tulifanya hivyo, na tulijisifu kwa wepesi wetu.

Shefu wangu alikuwa nyuma ya bega langu.

"Ilunga, tengeneza hii mashini ifanye kazi. Batu beko chini, banangoya."

Ilikuwa kweli, watu walikuwa chini wakisubiri kupandishwa na kuhesabiwa. Lakini wangeweza kuhesabiwa kwa daftari. Na kabatini kwangu, hatua thelathini kutoka pale, nilikuwa na diski mpya ndani ya boksi lake. Kuchomoa ile ya zamani, kuiweka kando, kuweka mpya, ni kazi ya dakika arobaini. Nililijua hilo kama ninavyolijua jina langu.

Nilifuta.

Kwa muda mrefu nilisema ni mazoea ya mkono. Nilimwambia mke wangu hivyo, nilimwambia mchungaji hivyo. Njia ya mwongo ni fupi, lakini mimi niliitembea miaka minane. Sasa nawaambia ninyi. Mkono wangu ulisimama juu ya kibonyezo, na wakati umesimama niliwaza hivi: faili hili likifunguliwa, litaonyesha kwamba Mama Béatrice alitazama, na litaonyesha kwamba programu ilidanganya, na programu ni yangu. Nikawaza karatasi yangu ya mambo ya kufanya. Ndipo nikabonyeza. Mama Béatrice alikuwa ananitazama usoni. Aliondoa mikono yake juu ya mashine na kuikunja.

Siku ya tatu kulikuwa na kilio nyumbani kwa Kabwe. Mnajua desturi yetu: kabla ya kwenda makaburini, wazee wa familia hudai watu wa kazini wasimame waeleze jinsi mtu wao alivyokufa. Si heshima tu. Kifo kisichoelezwa kinazunguka ndani ya familia, wanaanza kutazamana kwa jicho baya, shangazi anamnyooshea kidole mkwe, na ukoo unavunjika. Kwa hiyo mwenye kusimama pale anabeba amani ya watu. Shefu alinichagua mimi kwa kuwa nilisali na Kabwe. Aliniagiza niseme kile kilichomo kwenye seva na nisiongeze.

Mjomba wa marehemu alisimama, mzee mwembamba aliyevaa koti la suti juu ya fulana.

"Batu ba kazi, mutuambie mutoto wetu alikufaka namna gani."

Nilieleza umeme, maji, pampu, baruti. Kisha nikasema kwamba majina yao yalikuwa yameandikwa kwenye mashine kabla ya mlipuko. Kila neno nililolisema lilikuwa la kweli, na yote kwa pamoja yalikuwa uongo. Mzee akauliza, kama yaliandikwa, nani basi hakutazama? Mtu mwingine nyuma yangu akataja jina la Mama Béatrice, na pale uwanjani wanawake wakapiga yowe. Mama Odette, mke wa Kabwe, alikuwa ameketi juu ya mkeka na binti yake kifuani. Hakupiga yowe. Alirudia lile jina kwa sauti ndogo, mara mbili, kama anayejifunza.

Uchunguzi wa kampuni ulikuja baadaye na haukuchukua muda. Waliniuliza kama inawezekana skrini ionyeshe sifuri wakati seva ina majina mawili. Nilijibu kwamba sina ushahidi wa jambo hilo. Hata hapo ni kweli, sikuwa nao, kwa kuwa niliufuta. Wiki ileile niliandika ile mistari michache ya programu, nikaitia kwenye mashine ya chumba cha taa bila kumwambia mtu, na tangu hapo kila ikiamka iliuliza seva kwanza. Ilinichukua chini ya saa moja. Sijawahi kuichukia kazi ya mikono yangu kama siku ile.

Mama Béatrice aliachishwa kazi. Alikaa kizuizini wiki tano, kisha akatolewa akiwa amekonda, na mjini hakupata pa kukaa. Kwaya haikumfukuza, ila kila alipokaa, benchi lilibaki tupu kushoto na kulia. Akaondoka kwenda kwa dada yake Kisenge. Mimi nilibaki kazini, nikapandishwa cheo, nikafundisha vijana wengine, nikastaafu kwa sherehe na kupewa saa ya ukutani.

Majuto ni mjukuu, wanasema, huja baadaye. Yangu hayakungoja baadaye, yalikaa nami mezani kila siku, ila niliyazoea kama mtu anavyozoea mguu mbovu. Mwaka jana mke wangu alifariki. Nikawa nimekaa peke yangu na ile saa ya ukutani, na siku moja nikapanda lori kwenda Kisenge. Barabara mnaijua, siku mbili za vumbi na kusukuma.

Nilimkuta Mama Béatrice anaanika mihogo mbele ya nyumba. Amezeeka kuliko umri wake. Alinikaribisha vizuri, akanipa maji ya kunawa, akaniuliza habari za watu wa mjini mmoja mmoja. Nilimwambia kile nilichokuja kusema, na nilisema chote, hata lile la mkono uliosimama juu ya kibonyezo. Alisikiliza akiendelea kugeuza mihogo.

Nilitegemea anitukane. Njia nzima nilikuwa nimejiandaa kutukanwa, na nilikuwa natamani iwe hivyo. Aliponijibu, nilitamani zaidi angenitukana.

Aliniambia kwamba kabla ya kuondoka Kolwezi alikwenda kwa Mama Odette. Familia ilikuwa imekataa kuondoa matanga mpaka mwenye kosa aseme kosa lake kwa kinywa chake, na mjane yule alikuwa bado amefungwa na nguo nyeusi mwaka mzima, hawezi kulima wala kuuza. Basi Mama Béatrice alipiga magoti pale akasema hakutazama. Mama Odette alimsamehe, wakalia pamoja, na matanga yakaondolewa.

"Lakini uliangalia," nilimwambia. "Mi najua uliangalia."

Aliacha mihogo akakaa kwenye kigoda.

"Zamani nilikuwa najua niliangalia. Sasa sijue tena, Tata. Nikifunga macho naona sifuri, na kisha naona majina mbili. Byote byote naona. Nilisema mara mingi sikuangalia, mupaka ikakuwa kweli."

Vijana, nimefuta mafaili maelfu maishani mwangu, na sikujua mpaka siku ile kwamba nilifuta na lile lililokuwa ndani ya kichwa cha mtu. Aliyekuwa na hakika, sasa hana. Nilimwomba msamaha. Alisema msamaha wake haumsaidii mtu, kwa sababu yeye mwenyewe hajui tena anasamehe nini. Wakati naaga, alinisindikiza mpaka njiani.

"Kama unataka kusema, usisemee mu nyumba yangu. Sema mbele ya batu, na mutoto wa Kabwe asikie."

Nilirudi na sikusema. Mama Odette anasali kanisani kwangu, viti vitatu mbele yangu. Kila Jumapili ananipa mkono na kuniuliza afya. Miezi saba nimempa mkono ule.

Kisha mwalimu wenu aliponiomba kurasa hizi, alinipa orodha ya majina ya darasa, ili nijue naandika kwa nani. Jina la tisa ni Kabwe Nelly.

Nelly, wewe ndiwe uliyekuwa kifuani mwa mama yako kwenye ule mkeka, ulikuwa na miaka kumi na mmoja. Kurasa hizi nimekuletea wewe siku mbili kabla ya wenzako kuzipata, usije ukazisoma mbele ya watu bila kujua kilichomo. Mambo ya usingizi wa mashine nimeyaandika kwa urefu si kwa ajili ya mtihani wenu. Nimeyaandika ili siku ukisikia mtu anasema haiwezekani, uweze kumweleza hatua kwa hatua kwamba inawezekana, na kwamba ndivyo ilivyokuwa.

Baba yako hakukosea, alishuka kuokoa pampu na jina lake liliandikwa. Mama Béatrice naye alitazama. Skrini ilimwambia sifuri, skrini niliyoitengeneza mimi, na ushahidi wake nilikuwa nao chini ya kidole changu. Mwambie mama yako kwamba yule aliyemsamehe hakuwa na kosa, na umwombe amtumie neno Kisenge, maana yule mama haamini macho yake tena na hatanisadiki mimi.

Aliyekosa yuko hapa mjini, na hajaomba msamaha. Jumapili sitampa mama yako mkono mpaka awe ameyasikia haya kutoka kwako au kutoka kwangu. Akitaka kuyasikia kutoka kwangu, nitakuja nipige magoti pale Mama Béatrice alipopiga.